PIMA KWANZA, NDIPO UBADILI

Siku hizi katika mji wetu wa Bariadi magari ya otomatiki, yaani yale yasiyo na klachi ya kukanyaga, yamekuwa mengi. Ukisimama stendi utayaona yakipakia abiria wa Lamadi, wa Maswa na wa Meatu. Mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko, na wazee wetu waliyanunua kwa fedha za pamba na ng'ombe. Ziko nyumba ambazo chakula, sare na madaftari ya watoto hutegemea gari moja tu. Gari hilo likilala gereji juma zima, nyumba nzima huona.

Kwa sababu hiyo napenda kutoa maoni yangu juu ya desturi moja inayowapotezea watu fedha nyingi, nayo ni ya kubadili kontroli boksi ya gia kabla ya kupima. Mimi naona kosa si la mafundi peke yao. Wenye magari nao wanalo fungu lao.

Kwanza yafaa tujue chombo chenyewe. Katika gari la klachi dereva huchagua gia kwa mkono wake. Katika gari la otomatiki kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kisanduku. Sensa huipa habari: gari linakwenda mbio kiasi gani, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, oili ya gia boksi ina joto gani, na mkono wa gia umewekwa wapi. Ikiisha kupata habari hizo, hupeleka umeme kwenye solenoidi, ambazo ni valvu ndogo zenye koili za waya. Solenoidi hufungua na kufunga njia za oili, na oili hiyo kwa nguvu yake hushika gia inayotakiwa. Katika magari mengine kisanduku hiki kiko peke yake. Katika Toyota nyingi ndogo kazi yake imo ndani ya kompyuta ile ile ya injini.

Basi gari likiugua, gia hukataa kupanda, au hupanda kwa kishindo. Taa ya injini huwaka, na mara nyingi gari hubaki katika gia moja ili lisizidi kujiumiza. Hapo watu husema mara moja, "Kontroli boksi imekufa." Lakini dalili hizo hizo huweza kuletwa na betri dhaifu, waya uliotafunwa na panya, plagi iliyoingia maji, oili iliyopungua, sensa mbovu au solenoidi iliyoungua. Mengi katika hayo hutengenezwa kwa fedha kidogo kuliko bei ya kontroli boksi.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu katika gereji yake. Ililetwa gari ya abiria ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuibadilishia kontroli boksi mara mbili mahali pengine, na kila mara gari ilitembea siku chache tu, kisha ikarudi katika ugonjwa wake. Ili apate fedha hizo mzee yule aliuza maksai wake wa kulimia, na msimu wa kulima ulikuwa unakuja. Mjomba hakumwuliza habari za spea. Alichukua mita ya umeme akapima solenoidi moja baada ya nyingine. Zilizo nzima zilionyesha ohm 12 hivi, na katika Toyota nyingi solenoidi za namna ile huwa kati ya ohm 11 na 15. Moja ilionyesha ohm 1.

Hapa ndipo nilipoona faida ya Fizikia. Sheria ya Ohm tunaijua sote: gawanya volti kwa ohm, utapata ampea. Volti 12 kwa ohm 12 ni ampea 1, na kontroli boksi imeundwa kuuchukua mzigo huo. Volti 12 kwa ohm 1 ni ampea 12. Transista ndogo iliyomo ndani haiwezi kustahimili umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo kontroli boksi ya kwanza iliuawa na solenoidi, na ya pili ikafa kwa ugonjwa ule ule kwa kuwa hakuna aliyepima. Solenoidi ilipobadilishwa, kontroli boksi ya tatu ilikaa. Lakini maksai hawakurudi.

Sisemi kwamba kontroli boksi haziharibiki. Huko Marekani, mwaka 2014, kampuni ya Ford ililazimika kuongeza dhamana ya kontroli boksi za gia katika magari yake ya Focus na Fiesta hata kufika miaka 10 au maili 150,000. Kipimo kikionyesha kuwa chombo chenyewe ndicho kibovu, hapana budi kibadilishwe, nako kubadili kuna utaratibu wake. Mashine ya kusomea hitilafu ikitoa alama P0700, fundi asidhani amekwisha kupata jibu, maana alama hiyo husema tu kwamba iko shida katika mambo ya gia. Apime kama kontroli boksi inapata umeme na ethi sawasawa. Apime waya na solenoidi, aangalie na oili. Ndipo afungue waya wa hasi wa betri, na alinganishe namba iliyoandikwa juu ya kontroli boksi ya zamani na ile mpya, kwa kuwa mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa za magari mbalimbali. Tena magari mengine hayapokei kontroli boksi ngeni mpaka iandikiwe habari za gari lile kwa kompyuta.

Watu wengine watasema, "Mafundi wanajua hayo, mbona hawapimi?" Jibu langu ni kwamba sisi hatuwalipi kwa kupima. Fundi akishinda saa mbili na mita mkononi, kisha akakuta waya mmoja umekatika, mwenye gari humwambia, "Umegusa tu, nikulipe nini?" Lakini akifunga kontroli boksi nzima kwa dakika ishirini, hulipwa bila maneno. Fundi naye ana watoto, hufuata kazi inayolipwa. Hivyo sisi wenyewe tumemfundisha kubadili.

Nashangaa kuona jambo hili katika mkoa wetu wa Simiyu. Hapa hakuna mkulima anayekubali pamba yake inunuliwe kwa kukadiriwa kwa macho. Kila mtu hutaka kuona mizani. Na hospitalini, mtu mwenye homa hupimwa damu kwanza ndipo apewe dawa ya malaria, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2010. Kama twadai kipimo cha pamba na cha homa, kwa nini gari linalolisha nyumba litibiwe kwa kubahatisha?

Kwa hiyo nawaomba wazazi wetu, gari likiharibika, mpatane na fundi malipo ya kupima mbali na malipo ya kutengeneza, na mwombe awaonyeshe alichokipima kabla hamjatoa fedha ya spea. Walimu wetu nawaomba mtupeleke gereji walau mara moja kila muhula, tukapime betri na solenoidi kwa mita zetu za maabara. Nasi wanafunzi, tusiione sheria ya Ohm kuwa ni maneno ya kujibia mtihani tu. Siku moja mzazi atasimama mbele ya gari lililokufa akiwa na fedha ya ng'ombe mfukoni, na mtu wa kumwambia "Ngoja, tupime kwanza" huenda akawa mtoto wake mwenyewe.