Hatia Hairithiwi

Ipo methali moja ambayo, laiti ningekuwa na uwezo, ningeifuta katika vitabu vyetu vyote: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimeisikia katika baraza la kijiji, ikimwandama kijana aliyeshukiwa wizi. Nimeisikia posa ikikataliwa kwa ajili yake. Na kwa aibu nakiri kwamba nimewahi kuitamka mwenyewe, mbele ya shule nzima. Nitafika huko.

Mwezi Februari 1997 nilikuwa mkufunzi wa Historia katika chuo cha ualimu. Zikaja habari kwamba Bibi Madeleine Albright, aliyekuwa ameapishwa mwezi uliotangulia kuwa mwanamke wa kwanza kushika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alizaliwa na wazazi Wayahudi ingawa walimlea katika Ukatoliki, na kwamba watatu kati ya babu na bibi zake walikufa katika maangamizi ya Wayahudi. Mwenyewe alisema hakuwa amejua. Chumba cha walimu kiliwaka moto. "Alijua, aliona haya tu," akasema mwenzangu mmoja. Mwingine, mtu wa kanisani sana, akaongeza kuwa Wayahudi wanabeba damu ya Yesu, wao na watoto wao, ndiyo maana hujificha. Siku ile sikujibu kama ilivyonipasa. Najibu leo.

Nianze na huyu wa pili, maana jibu lake ni fupi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliikataa methali ya watu wake kuhusu zabibu chungu na meno ya watoto. Kila mtu na kosa lake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitamka kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa siku hizi. Kwamba tamko hilo lilingoja miaka 20 baada ya Auschwitz, hilo ndilo la kuonea haya, si ukoo wa Bibi Albright.

Wa kwanza ndiye aliyenisumbua miaka yote hii, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya.

Josef Korbel, baba yake Madeleine, alikuwa mwanadiplomasia wa Chekoslovakia. Wajerumani walipoingia Prague Machi 1939, alitoroka na mkewe Anna na binti yao ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, wakafika London. Mwaka 1941 wakabatizwa. Wazee wao walibaki nyuma. Baba yake Josef alikufa Terezín mwaka 1942. Mama yake aliishia Auschwitz mwaka 1944. Katika nyumba yao ya Uingereza alikaa pia binti wa dada yake Josef, aliyeokolewa kwa treni ya watoto mwaka 1939. Mdogo wake hakupanda treni ile. Naye aliishia Auschwitz.

Sasa, ndugu msomaji, jiweke mahali pa Korbel. Vita vimekwisha, umerudi Prague mwaka 1945, unabisha hodi kwa wazee wako na hakuna wa kuitikia. Mtoto mmoja wa dada yako unaye, mwingine huna. Hukuua mtu. Lakini umepona, na kupona kwenyewe kunakusuta. Hatia ya namna hiyo haina mashtaka, kwa hiyo haina hakimu wa kuifuta. Tena kumbuka sheria za Nuremberg za mwaka 1935: mwenye babu na bibi watatu Wayahudi ni Myahudi, hata akibatizwa mara saba. Kwa hesabu hiyo hata binti yako alikuwa amekwisha hukumiwa. Ukimficha mtoto jina lililogeuzwa kuwa hukumu ya kifo, je, umelionea haya, au umemfunika blanketi?

Hata hivyo sitamtetea Korbel mpaka mwisho. Alikufa mwaka 1977, mkewe mwaka 1989, na blanketi halijafunuliwa. Ndani ya Sinagogi la Pinkas, Prague, kuta zimeandikwa majina ya waliouawa, yapata 80,000. Bibi Albright alipazuru mwaka 1996 akapita bila kutafuta jina lolote, kwa kuwa hakujua la kutafuta. Alirudi Julai 1997, akayaona majina ya wazazi wa baba yake. Alikuwa na miaka 60. Kimya kilimnyima haki ya kulia msiba wake mwenyewe.

Lakini tazameni walimwengu walivyofanya. Badala ya kumpa pole mfiwa, walimhoji kama mshtakiwa: mbona hukuuliza? Mtu aliyekulia katika nyumba zetu hawezi kuuliza swali hilo. Nani kati yetu alimkabili baba yake akamwuliza jambo ambalo baba alipolikaribia alibadili mazungumzo?

Wengine walitaka achague: Myahudi au Mkristo? Kwa sheria ya Kiyahudi, ambayo hufuata mama, alikuwa Myahudi. Kwa ibada alikuwa Mkristo hadi alipofariki mwaka 2022. Aliongeza, hakufuta. Sioni ni kwa mamlaka gani mtu wa nje amwamuru kukata nusu.

Niliahidi kusimulia juu ya ile methali. Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, na boksi la chaki lilikuwa limepotea. Wakati huo chaki ilikuwa adimu kama sukari. Gwaridani nilimtazama mvulana mmoja, ambaye baba yake alikuwa amefungwa kwa kula fedha za ushirika, nikaitamka methali ile polepole ili wote waisikie. Watoto wakageuza shingo kumtazama.

Boksi lilipatikana juma lililofuata, stoo, nyuma ya majembe. Yule mvulana alikuwa amekwisha acha shule.