Subaru na Salfa
Mpwa wangu wa Matambarale aliuza korosho za msimu wa 2021, akaagiza Subaru ya mbio, iliyotumika, kutoka Japani. Kila jioni alinionyesha picha ileile, rimu zinameremeta ndani ya simu yenye kioo kilichopasuka. Gari kimya. Septemba ya mwaka huohuo Toyota ilikata uzalishaji kwa asilimia 40: korona ilikwamisha viwanda vya vipuri Asia ya Kusini-Mashariki, chipu nazo zikaadimika. Mjapani akikosa jipya, kuukuu haachii, na sisi wa mitumba tuko mkiani mwa foleni. (Kwenye vumbi la Matambarale angeikimbiza wapi, sikumuuliza.) Mwaka uliofuata nilimkuta akipulizia mikorosho, uso umejaa salfa. “Mjomba, wakala anasema meli iko njiani.”