Tarehe ya Uchaguzi Si Mali ya Rais

Ndugu zangu wa Bowie na vitongoji vyake, tangu vijana waingie bungeni Nairobi tarehe 25 Juni 2024, dai limekuwa moja: Rais wa Kenya aitishe uchaguzi wa mapema. Harusini utalisikia, matangani utalisikia, na msemaji daima ana sahani ya pilau mkononi. Hasira naielewa. Watoto wa watu walipigwa risasi. Lakini dawa tunayoagiza ndiyo iliyotuumiza zamani.

Waliozaliwa juzi hawaujui mwaka 1983. Uchaguzi uliotangulia ulikuwa Novemba 1979, kwa hiyo Bunge lilikuwa na muda hadi 1984. Moi hakusubiri. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilikuwa limemtia hofu, akaanza kusema kuna msaliti anayeandaliwa na wageni kutwaa nchi. Kidole kikamwangukia Charles Njonjo, waziri wa mambo ya katiba. Uchaguzi ukafanywa tarehe 26 Septemba 1983. Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu Juni 1982, na urais haukuwa na mpinzani. Sasa wananchi waliulizwa nini hasa? Waliitwa kufagia nyumba ya mtu mmoja. Tume iliyoundwa kumchunguza Njonjo ilitoa ripoti mwishoni mwa 1984, uchaguzi ukiwa umekwisha kitambo. Hukumu ilitangulia ushahidi. Na Desemba 1984 huyo "msaliti" akasamehewa!

Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi, na Moi akatamba kwamba tarehe ya uchaguzi ni silaha yake ya siri. Wapinzani wakabaki kubahatisha huku wakigawana FORD vipande viwili. Moi akashinda tarehe 29 Desemba kwa asilimia 36 tu ya kura.

Silaha hiyo tulimnyang'anya Rais kwa Katiba ya 2010: uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kwa hesabu hiyo, ni tarehe 10 Agosti 2027. Rais hana tena uwezo wa kuamka asubuhi akavunja Bunge. Kwa hiyo anayemwomba aitishe uchaguzi anamrudishia ufunguo wa Moi, tena anapiga magoti akiurudisha.

Mtaniambia, basi ajiuzulu. Mmesoma Ibara ya 146? Rais akijiuzulu, Naibu wake anaapishwa kumaliza muhula. Uchaguzi hauji. Utakuja, ndani ya siku 60, iwapo na kiti cha Naibu nacho ki wazi. Mlango wa kumwondoa kiongozi kabla ya wakati upo, nao hupita bungeni. Wabunge wanaujua vizuri: Oktoba 2024 walimtoa Rigathi Gachagua kwa siku chache tu. Wakitaka, huwa hawakosi muda.

Kuna wanaoniuliza mbona hapa kaunti yetu ya Prince George's tulipiga kura nje ya zamu. Kweli. Angela Alsobrooks alishinda useneta Novemba 2024, kiti chake cha mtendaji mkuu wa kaunti kikabaki wazi, na tarehe 3 Juni 2025 uchaguzi maalumu ukampa Aisha Braveboy. Lakini kilicholeta uchaguzi ule ni kiti kuwa wazi, wala si hesabu za mtu aliyekikalia akitazama lini jirani yake atakuwa amelala.

Sisi wa ughaibuni ndio tungeumia kwanza. Katiba ilituahidi kura mwaka 2010. Mwaka 2013 waliopiga nje ya nchi walikuwa wa Afrika Mashariki tu. Marekani ilifikiwa 2022, vituo vikiwa Washington, New York na Los Angeles. Sisi wa Bowie tulikuwa na bahati, ubalozi hauko mbali. Mwenzetu wa Texas alipaswa kununua tiketi ya ndege, mara moja kujiandikisha na mara nyingine kupiga kura. Huyo, uchaguzi wa siku 60 ungemkuta wapi? Angejiandikisha saa ngapi, na bosi gani angempa ruhusa mara mbili?

Basi mwenye waraka wa kudai uchaguzi wa mapema asiniletee niutie sahihi. Alete ule wa kuitaka Tume ya Uchaguzi iongeze vituo vya kujiandikisha katika majimbo mengine ya Marekani. Huo nitausaini hata kwa kalamu ya kuazima, na nitazunguka nao nyumba kwa nyumba kuanzia hapa Bowie hadi Baltimore.