Msiilaumu Chai ya Saa Nne

Kuna kauli iliyozoeleka kila penye mazungumzo ya pesa: mwenye mshahara asiyeweka akiba ni mfujaji. Aache chai ya kibandani, asahau nyama choma ya Jumamosi, abebe chakula kutoka nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba, wanamwambia. Mimi nasema kauli hiyo ni ya uongo, na inawaumiza watu wanaojituma.

Rafiki yangu ni karani wa hesabu katika ghala moja Eneo la Viwanda, Nairobi. Analipwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na hajaongezwa tangu 2022. Aliusikia ushauri huo akautii. Akaacha chai na mandazi mawili ya saa nne, shilingi 50 kwa siku. Mwezi ulipokwisha alikuwa ameokoa 1,100, akaziandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya daftari kuukuu la bintiye.

Kisha tukaketi na hati zake mbili za mshahara. Ya Januari 2023 ilikuwa na makato ya 200 za NSSF, mfuko wa uzeeni, na 1,500 za NHIF, bima ya afya. Ya Machi 2025 ilikuwa na 4,320 za NSSF, 2,200 za SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF, na 1,200 za ushuru wa nyumba. Kutoka 1,700 hadi 7,720! Nafuu ya kodi ya mapato kwa makato hayo humrudishia kama 2,000, lakini bado anapungukiwa na takriban 4,000 kila mwezi kabla hajagusa hata senti. Hapo hatujafika dukani, wala kwenye matatu, na VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023.

Haki isemwe: pesa za NSSF ni zake, atazipata uzeeni. Lakini karo ya Januari haisubiri uzee.

Mandazi mawili yatazibaje pengo hilo? Wanaohubiri hivyo ama hawajapiga hesabu, ama wanaona heri kumkaripia mfanyakazi kuliko kumwuliza mwajiri kwa nini mshahara umesimama huku bei zikipanda. Kinachoniudhi zaidi ni aibu wanayomtwika. Mtu mwenye aibu hasemi. Anakopa kwa simu usiku, watu wakiwa wamelala, na mshahara unaofuata unaingia ukiwa na mwenyewe.

Na rafiki yangu anayo akiba. Tangu 2021, shilingi 3,000 hukatwa kwenye mshahara wake na kupelekwa katika sacco, chama cha akiba na mikopo, kabla pesa hazijaingia benki. Mwezi alioacha chai na mwezi alioinywa, zilikatwa vilevile. Kwa dhamana ya akiba hiyo alikopa karo ya bintiye. Mwaka jana akahamia nyumba ya kodi nafuu huko Utawala. Hata baada ya nauli kuongezeka, anabaki na 6,000 ambazo zamani zilikuwa za mwenye nyumba. Hatua mbili tu, na zote mbili hazihusiani na kikombe cha chai.

Ndugu msomaji, mwisho wa mwezi huu, kabla hujajilaumu, chukua hati yako ya mshahara uisome mstari kwa mstari. Kisha nenda kwa mhasibu ukajaze fomu ya sacco.