Cheni Nyembamba kwenye Msumeno Mkubwa: Naam, Lakini Si Hivyo

Wasomaji wangu wa kawaida mtanisamehe. Leo hakuna Java wala hifadhidata, leo ni mbao. Waliokuja kutafuta sehemu ya pili ya ile makala ya kuhifadhi nakala za data, iko njiani, subirini wiki ijayo.

Chanzo ni shemeji yangu. Yeye hupasua mbao huko Embu kwa msumeno wa mota, huu tunaouita pawasoo. Mashine yake ina cc 72 na nguvu ya kama kW 3.9. Sasa anataka kuvua ile cheni nene iliyokuja nayo na kuivisha cheni ya kimo cha chini, yaani ile ndogo yenye meno mafupi ambayo huja na misumeno midogo ya kukatia matawi nyumbani. Stihl huiita Picco, wengine wana majina yao. Akanipigia simu kwa sababu, anasema, "wewe ni mtu wa hesabu."

Haya, hesabu nimefanya, na tumebishana wiki mbili. Msimamo wangu ni huu: wazo lake ni zuri, hata ningesema ni zuri sana. Namna anavyotaka kulitekeleza ndiyo inayoninyima usingizi, kwa sababu nyuma ya msumeno huo hasimami yeye. Husimama vijana wawili aliowaajiri kwa kibarua cha siku.

Nianze na uzuri wake. Msumeno hauchani mbao kama kisu, unakula njia. Cheni ya kawaida ya 3/8 hula njia ya upana wa takribani milimita 8. Cheni ya kimo cha chini hula takribani 6.5. Tofauti ni milimita moja na nusu, unene wa kadi mbili za benki. Mtu atakuambia hiyo si kitu.

Chukua gogo la mgrivea ambalo umeshalisawazisha likawa na kimo cha sentimita 31, na unataka mbao za inchi moja, tuseme milimita 25. Kwa cheni nene unapata mbao 9: 225 za mbao, 64 za mikato minane, na kinachobaki ni milimita 21, kipande ambacho hakifai hata kuwa ubao wa pembeni. Kwa cheni nyembamba unapata mbao 10: 250 za mbao, 58.5 za mikato tisa, jumla 308.5. Umeingia kwa milimita moja na nusu ya ziada. Gogo ni lile lile, jasho ni lile lile, na ubao mmoja zaidi wa kuuza. Si kila gogo litakupa bahati hii, vipimo vingine vitaangukia palepale, lakini ukipasua magogo mengi wastani unakujia.

Pili, nguvu. Ukila njia ya 6.5 badala ya 8, unageuza kuwa unga karibu sehemu moja kwa tano pungufu ya mti. Unga huo hakuna anayekulipa, ila petroli ya kuusaga umeilipia. Kupasua kwa urefu wa gogo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa msumeno, kwa hiyo hapo ndipo nafuu inasikika.

Na asiseme mtu kwamba huu ni wazimu wa jua kali. Kampuni ya Logosol ya Uswidi huuza fremu za kupasulia mbao zinazobeba misumeno ya nguvu kama Stihl MS 661, mashine ya cc 91, na cheni wanayoifunga humo ni hiyo hiyo ya kimo cha chini, iliyonolewa kwa ajili ya kupasua. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana na linafanyika kila siku. Swali ni linafanyika vipi.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu.

Shemeji aliingia dukani, akauliza cheni ndogo, akaonyeshwa kisanduku kimeandikwa 3/8. Akakumbuka kwamba baa yake (baa ya msumeno, si ile ya Tusker) nayo imeandikwa 3/8. Akahitimisha: zinaingiliana. Nunua cheni, hesabu viungo, funga, washa.

Mtu yeyote aliyewahi kuandika programu anaujua mtego huu. Vitu viwili vina jina moja, vinakubali kuunganishwa, na si kitu kimoja. Ni kama waya za USB-C: kichwa kimoja, tundu moja, lakini moja inachaji laptopu na nyingine inachaji simu kwa shida. Hiyo 3/8 inaelezea kipimo kimoja tu, hatua ya cheni: umbali kati ya ribiti tatu zinazofuatana ukigawanya kwa mbili. Haisemi lolote kuhusu unene wa lile jino la chini linaloteleza ndani ya mfereji wa baa. Kwa msumeno wa shemeji mfereji ni wa milimita 1.6. Cheni za kimo cha chini huwa na jino la 1.3, nyingine 1.1. Ukiweka jino la 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 litaingia vizuri sana, bila kugonga, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kungekuwa na ukinzani angegundua palepale dukani. Badala yake cheni inalala upande, mkato unapinda, na zile milimita moja na nusu alizokuwa anazitafuta zinaliwa na mpindo wa ubao.

Kisha kuna sproketi, lile gurudumu la meno linaloisukuma cheni kutoka kwenye injini. Watengenezaji huorodhesha sproketi za cheni hizi mbili kando kando, kila moja na namba yake, ijapokuwa zote ni 3/8. Cheni ndogo juu ya sproketi ya cheni kubwa itazunguka, sikatai. Shemeji ameniambia mara tatu kwamba kuna mtu anayemfahamu anayetumia hivyo. Na mimi nimeona programu zenye makosa makubwa zikienda miezi sita bila kuanguka. Haimaanishi ziko sawa, inamaanisha siku yake haijafika.

Kwa hiyo sharti la kwanza: inabadilishwa seti nzima. Cheni, baa yenye mfereji wa unene ule ule, na sproketi ya kimo cha chini. Ndiyo, ni pesa. Huwezi kubadilisha theluthi moja ya mfumo na kuita hiyo akiba.

La pili ni nguvu, na hapa ndipo nilipokaa usiku nikipiga mahesabu. Injini ya kW 3.9, sproketi ya meno 7, mizunguko tuseme 9,500 kwa dakika. Kila jino la sproketi husogeza cheni hatua mbili, milimita 19 hivi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 133. Cheni inakwenda mita 21 kwa sekunde, karibu kilomita 76 kwa saa, mwendo wa matatu iliyofungwa kidhibiti. Ukigawanya nguvu kwa mwendo, unapata kwamba injini inaivuta cheni kwa kama kilo 19, uzito wa mtoto wa PP2. Msumeno mdogo wa kW 1.5, ambao cheni hii ilizaliwa nao, huivuta kwa kilo 8 hivi.

Nilipomtumia shemeji hesabu hii alifurahi. "Umeona? Kilo 19! Cheni ya chuma haikatwi na kilo 19." Na ni kweli, haikatwi. Injini ikivuta taratibu ndani ya mti safi, cheni mpya iliyonolewa vizuri haina shida hata kidogo. Kinachokata cheni ni mshtuko. Kitu kigumu kikilishika jino moja ghafla, ile mashine nzima inayozunguka inataka kusimama kwa mara moja, na kwa kitambo hicho kilo si 19 tena.

Na sisi vitu vigumu tunavyo. Mgrivea wa Embu, wa Kirinyaga, wa Murang'a, umepandwa wapi? Mpakani. Na mti wa mpakani ni nguzo ya bure: mzee alipigilia msumari, akafunga seng'enge, mti ukanenepa ukaimeza. Miaka 20 baadaye mwanawe anauza mti, na hakuna anayekumbuka seng'enge iko futi ngapi kutoka chini. Yule Mswidi ananunua gogo la msitu lililonyooka na safi. Kijana wa shemeji anapasua ua wa mtu.

Cheni nene ikikutana na msumari hupoteza meno kadhaa, unatukana, unanoa. Cheni nyembamba ina chuma kidogo zaidi na ribiti ndogo zaidi, na nyuma yake sasa kuna injini yenye nguvu zaidi ya mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Ikikatika kwa mwendo ule hupigwa mjeledi kurudi nyuma, kuelekea mkono wa kulia. Ndiyo maana msumeno una kile kidoa cha kudaka cheni chini ya shina la baa, na ndiyo maana mshikio wa nyuma una lile bapa pana upande wa chini. Nilimwomba shemeji anipigie picha ya msumeno wake. Kidoa hakipo, kilivunjika zamani, na hakuna aliyeona haja ya kukirudisha. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoacha kuwa ya hesabu.

Basi nikamwambia hivi. Kwanza rudisha kidoa, hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote tunavyozungumzia. Kila gogo la mpakani likaguliwe kabla ya kupasuliwa: gome lichunwe pale panapoonekana kovu au doa la buluu iliyokoza, kwa maana chuma ndani ya mti mara nyingi hutia rangi. Na cheni nyembamba itumike kupasua mbao tu. Kuangusha mti na kukata magogo kwa mapande, rudisha seti nene. Ukikata gogo kwa mapande, upana wa mkato haukupi ubao wa ziada. Umechukua hatari bila faida yoyote. Tena katika kuangusha, ncha ya baa huweza kugusa tawi na msumeno ukarushwa kumrudia aliyeushika. Sitaki hilo litokee huku kuna cheni isiyo ya mashine ile.

Halafu kuna fremu. Wapasuaji wengi wetu wanapasua kwa mkono mtupu, wanapiga mstari kwa uzi wenye oili chafu na kuufuata kwa jicho. Wengine ni mafundi hodari kiasi cha kushangaza, nimewatazama. Lakini jicho hodari likiteleza milimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho wa futi 10, faida yote ya cheni nyembamba imekwenda mara mbili. KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, imelichunguza jambo hili na kuonyesha kwamba msumeno uliofungwa kwenye fremu hutoa mbao nyingi na nzuri zaidi kutoka gogo moja kuliko ule wa mkono mtupu. Kwa hiyo kama shemeji ana pesa za kitu kimoja tu mwaka huu, anunue fremu na abaki na cheni yake nene. Hili halipendi kabisa. Anasema fremu inapunguza mwendo na wateja wanalipa kwa futi.

Nakubali kwamba inapunguza mwendo. Sikubali kwamba kijana wa miaka 22 ndiye alipie tofauti hiyo.

Mambo madogo yaliyobaki, kwa wale watakaofanya seti nzima. Tupa ya cheni hii ni ya duara ya milimita 4.0, ile ya 5.2 ya cheni nene italiharibu jino siku ya kwanza. Kwa kupasua, nolea pembe ya kama digrii 10 badala ya 30, uso wa ubao utakuwa laini zaidi. Vile vidole vilivyo mbele ya kila jino, vinavyoamua jino liume kina gani, viache chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 na usivishushe zaidi ati kwa sababu injini ina nguvu. Kuuma sana ndiko kunakoleta mishtuko. Na oili chafu iliyotolewa kwenye gari isiingie kwenye tangi la kulainisha cheni. Najua kila mtu huitumia. Ina vumbi la chuma ndani yake, na baa yenye mfereji mwembamba haina unene wa kupoteza.

Hadi jana usiku shemeji amekubali kununua baa, sproketi na kidoa. Kuhusu fremu bado anasema nimekaa sana mbele ya kompyuta. Nimemchorea moja ya mabomba ya mraba ambayo fundi wa kuchomelea yeyote mjini anaweza kuiunda kwa siku moja. Mchoro nitauweka hapa nikimaliza kuhakiki vipimo.