Fremu Nyepesi si ya Kila Mtu

Mwandishi wa makala iliyotutaka tuchague fremu ya baiskeli ya BMX kwa kuangalia mizani tu amesema nusu ya jambo, tena nusu inayowahusu wakimbiaji peke yao. Kwenye mbio, zilizoingia Olimpiki mwaka 2008 mjini Beijing, uzito mdogo una maana: mshindani huchomoka langoni kwa nguvu zote, na alumini au kaboni iliyokazana haimpotezei msukumo. Hapo sina ubishi. Lakini mpe kijana wa mtaani fremu hiyo hiyo, aruke nayo ngazi na kuteleza juu ya vyuma kila siku, uone.

Alumini haivumilii mapigo ya namna hiyo. Huchoka taratibu, kisha hupasuka penye maungio. Chuma cha kromoli, kile kiitwacho 4130, mara nyingi hupinda kabla ya kukatika. Watengenezaji wa fremu za mtaani na za rampu hawakukichagua kwa ushamba.

Vipimo navyo makala haikuvigusa kabisa! Magurudumu kwa kawaida ni inchi 20 kwa wote, ila sehemu ya nyuma, kutoka ekseli ya pedeli hadi ya gurudumu, ikiwa inchi 13 hivi, ni rahisi kuinua tairi la mbele na kuzungusha baiskeli hewani. Mkimbiaji huitaka ndefu zaidi ili atulie akiwa kasi. Wa sarakasi za sakafuni hupenda fremu fupi.

Mzazi, kabla hujalipa, muulize mwanao ataendeshea wapi. Akijibu mtaani, achana na alumini.