Mwanahabari Akija, Tuseme Vipi?

Mwaka jana, Ijumaa moja baada ya swala, mwanahabari wa redio alifika kijijini kwetu kuuliza habari za diko ambalo njia yake imezibwa kwa ukuta. Wavuvi walimtanguliza mzee mmoja tunayemheshimu. Mzee alizungumza kama dakika ishirini: diko limetumika tangu enzi za nani, barua ngapi zimepelekwa kwa chifu, nani hakujibu. Katikati akasema, "Vijana wamechoka, wanataka kuuvunja ukuta, lakini sisi wazee tunawazuia." Mwisho akaongeza, "Hilo la vijana, mwanangu, usilitie."

Jioni zilisikika sekunde chache tu: vijana wamechoka, wanataka kuuvunja ukuta. Kesho yake vijana wawili waliitwa kituo cha polisi, na habari ya njia ya wavuvi ikageuka habari ya fujo.

Tulimlaumu mwanahabari, na kosa analo: aliyakata maneno yakapoteza maana. Lakini nasi tuna fungu letu. Mwanahabari tunampokea kama mgeni wa barazani, tukasahau kwamba yuko kazini na kinasa sauti kimewaka. Maji yakimwagika hayazoleki. "Usilitie" husemwa kabla ya neno kutoka, naye akubali; ukishasema, umeshampa.

Hili si jambo dogo kwetu Wapwani, ambao kila siku tunadai ardhi, bahari na njia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Madai ya namna hiyo husimama kwa hesabu na karatasi. Hasira husikika siku moja, tena mara nyingi humfaa yule unayemdai.

Basi mgeni huyo akija, muulize kwa adabu: wewe ni nani, watoka chombo gani, wataka kujua nini, na mazungumzo ni mubashara au yanarekodiwa? Si ukorofi, mwanahabari wa kweli hujibu bila kununa. Ukihitaji nusu saa ya kujiandaa, iombe. Chagua mambo mawili au matatu, uyaseme kwa sentensi fupi zisizokatika vibaya. Mzee wetu angesema, "Tunataka njia yetu ifunguliwe, na barua zetu ni hizi," pasingekuwa na cha kupotosha. Usilolijua sema hulijui, na usiwasemee wasiokutuma.

Naye ana haki zake. Usimtake akuonyeshe habari yote kabla haijatoka. Unaweza kumwomba akusomee maneno yako. Usimpe "nauli" ili akuandike vizuri, maana anayenunuliwa na wewe leo kesho atanunuliwa na mwenye ukuta. Ukiahidi kumpigia, mpigie. Na penye msiba, mfiwa ana haki ya kukataa kamera, nasi jirani tusimsukume mbele.

Akikosea, tusikimbilie kumtukana mitandaoni. Mpigie yeye kwanza, kisha mhariri wake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomuathiri. Wakikataa, iko Tume ya Malalamishi iliyoundwa kwa Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013. Ukienda, nenda na tarehe, saa na jina la kipindi. Siku hizi mimi humrekodi anayenirekodi, nikishamwambia.

Sisi hatukufanya lolote katika hayo. Vijana waliachiliwa siku ile ile, alhamdulillahi, lakini ukuta bado upo. Na kila tukienda kuuliza habari za njia, afisa hutuuliza kwanza: "Nyinyi si ndio wale wa kuvunja?"